ASILI YA WATU NA HAKI YA NCHI

Liko suala ambalo watu wengi hulijibu kabla ya kulifikiri, nalo ni hili: Je! haki ya watu kukaa katika nchi yatokana na asili yao, au yatokana na kitu kingine? Khabari za Filastini zikitajwa barazani baada ya swala ya alasiri, haupiti muda illa suala hili limekwisha ingia. Mmoja husema kwamba Wafilastini ni Waarabu waliokuja na majeshi ya Sayyidna Umar, kwa hiyo nchi si yao ya asili. Wa pili humjibu kwa hasira kwamba wao ni Wakanaani, walikuwako kabla ya Nabii Musa, kwa hiyo wao ndio wa kwanza. Na wote wawili, pamoja na ugomvi wao, wamekubaliana jambo moja bila ya kujua, ya kuwa mwenye nchi ni yule aliyetangulia. Hilo ndilo lipasalo kutazamwa, maana mtu aweza kuishika hoja hiyo leo kwa ajili ya Filastini, kisha kesho ikatumiwa kumtoa yeye mwenyewe katika nyumba yake.

Hoja kama hii ni bora ipimwe kwanza mahali palipo mbali na hasira. Basi na itazamwe Butimba. Butimba ni ufuoni mwa ziwa, upande wa kusini wa mji wa Mwanza, katika nchi ile ya majabali makubwa yaliyopandana kana kwamba yamepangwa kwa mikono. Pana chuo cha ualimu, na pana gereza ambalo jina lake lajulikana Tanzania nzima. Atakayepita sokoni atasikia Kisukuma, Kikerewe, Kijita, Kizinza, Kihaya, Kijaluo na Kikurya, na Kiswahili juu ya hizo zote; na siku ya Ijumaa atawaona watu wa pwani na kofia zao za viua, ambao babu zao walifika na misafara au na gari la moshi. Basi na iulizwe: Nani mwenye Butimba kwa asili? Wasukuma watainua mikono, nao wana haki ya kuinua. Lakini Wasukuma ni nani?

Neno sukuma katika lugha yao maana yake ni kaskazini. Wanyamwezi waliwaita jirani zao kwa upande walikokaa, nao Wasukuma wakawaita wale wa kusini Wadakama, kwani dakama ni kusini. Na hilo jina la Wanyamwezi lilienezwa na wasafiri wa pwani. Katika karne ya 19 mtu wa huko alipoulizwa kwao hakuwa na haja ya jina la Msukuma; alitaja utemi wake, akasema yeye ni wa Usmao, au wa Nera, au wa Bukumbi. Koo za watemi wenyewe, nyingi katika hizo, husimulia kwamba wazee wao walitoka magharibi ya ziwa wakawakuta wengine waliokwisha kulima. Na umoja wa watemi wa Usukuma wote, wenye baraza lake huko Malya, haukuundwa illa katika miaka ya 1940, chini ya serikali ya Waingereza.

Sasa, je! yuko mwenye akili atakayesema: Kwa kuwa jina hili ni la jana, na kwa kuwa watemi walitoka ng'ambo, na kwa kuwa umoja wao ulifanywa mbele ya maafisa wa Kizungu, basi hakuna watu waitwao Wasukuma, na mashamba yao ya pamba na malisho ya ng'ombe wao ni mali ya yeyote atakayeyataka? Neno hili likisemwa Mwanza litachekwa. Lakini ndilo lililosemwa juu ya Wafilastini, wala halikuchekwa. Golda Meir, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Israili, aliliambia gazeti moja la London mwaka 1969 ya kuwa hapakuwako watu waitwao Wafilastini. Na kabla yake, tarehe 2 Novemba 1917, Balfour alipotoa ahadi yake kwa Mayahudi, wenyeji wa nchi ile walitajwa kwa sifa ya kuwa si Mayahudi tu, bila ya jina lao wenyewe. Na katika hesabu ya watu ya mwaka 1922, iliyofanywa na Waingereza, watu wote wa Filastini walikuwa kadiri ya 757,000. Waislamu kadiri ya 590,000, Wakristo zaidi ya 70,000, na Mayahudi kadiri ya 84,000. Watu tisa katika kumi walikuwa hawana jina katika hati iliyoamua mambo yao.

Kutiwa jina na mgeni si jambo geni huko ziwani. Speke, Mwingereza, alifika Mwanza mwezi wa Agosti 1858, akaongozwa na watu wa pwani, na huko akamkuta Mwarabu, Mansur bin Salim, aliyekwisha kuwa mgeni wa mtemi Mahaya. Ziwa lilikuwa na majina tele: Nyanza, na Nalubaale kwa Waganda, na Lolwe kwa Wajaluo, na watu wa pwani wakiliita kwa jina la Ukerewe. Speke akalitia jina la malkia wake, nalo ndilo liliomo katika ramani hatta leo. Jina hilo halikuhamisha maji, wala watu hawakuacha kuvua samaki. Ndiyo sababu hoja ya jina ni dhaifu kwa pande zote mbili: kutokuwa na jina hakuwafuti watu, wala kuwa na jina la kale hakuwaongezei shamba.

Na kwa kweli jina la Filastini ni la kale sana. Latokana na watu waliokaa pwani ya Ghaza na Asqalan miaka zaidi ya 1,100 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Wayunani walilitumia, kisha Warumi wakalifanya jina la jimbo lao katika karne ya pili. Waislamu walipoichukua nchi katika miaka ya 630 waliacha jina lile lile. Palikuwa na Jund Filastin, na mji wa Ramla ukajengwa na Sulayman bin Abdul-Malik kuwa mji wake mkuu. Al-Maqdisi, mwenye elimu ya nchi, mzaliwa wa Baitul-Muqaddas katika karne ya 10, amesimulia ya kuwa alipokuwa Shiraz akizungumza na waashi juu ya kazi ya mawe, fundi wao alimwuliza kama yeye ni Mmisri, naye akajibu kwamba ni Mfilastini. Watu wa pwani wanaojinasibisha na Shiraz huenda wakapendezwa kusikia ya kuwa neno hilo lilisemwa huko. Na mwaka 1911 Isa al-Isa na Yusuf al-Isa, nao ni Wakristo, walianzisha gazeti huko Yafa wakaliita Falastin.

Lakini mwenye kufurahia khabari hizi asijidanganye. Watu wale walioitwa Filastini zamani za Firauni walitoka ng'ambo ya bahari, wakachanganyika, wakapotea. Jina lao likabaki kwa ardhi, na ardhi ikawapa watu wengine jina hilo. Wafilastini wa leo hawatoki kwa hao peke yao, wala kwa Wakanaani peke yao, wala kwa Waarabu wa Hijazi peke yao.

Basi wametoka wapi? Mtu aliyekaa katika miji ya ziwani atafahamu jambo hili kwa wepesi kuliko profesa wa Ulaya. Huko Mwanza, na Tabora, na Ujiji, walikuwako Wasukuma na Wanyamwezi na Wamanyema walioingia katika Uislamu zamani za misafara na baada yake. Wakavaa kanzu, wakaitwa Ramadhani na Mwinyimvua, wakazungumza Kiswahili na watoto wao, na majirani wakawaita Waswahili. Mtukuu wa mtu kama huyo, akiulizwa, husema, Sisi ni Waswahili. Je! babu yake alitoka Bagamoyo? La, hakuiona bahari maisha yake. Hakuhama hatta hatua moja. Lugha na dini ndizo zilizomjia. Na hivi ndivyo ilivyokuwa kwa wakulima wengi wa Filastini. Walikuwa na dini za kale, wengine wakawa Mayahudi, wengine Wakristo. Walisema Kiaramu, kisha katika karne baada ya karne wakaingia katika Kiarabu, na wengi wao katika Uislamu, nao wako katika vijiji vile vile na mizeituni ile ile. Majeshi yalikuja, na kabila za Waarabu zilihamia, hilo ni kweli. Lakini jeshi haliwi taifa zima la wakulima.

Na wageni waliendelea kuja, kama wanavyokuja Butimba. Walikuja watu wa Misri zamani za Ibrahim Pasha, baina ya 1831 na 1840. Walikuja Wabosnia wakakaa Qaisariya mwishoni mwa karne ya 19. Walikuja Wamaghribi, ambao mtaa wao kando ya Msikiti wa Al-Aqsa uliwekwa wakfu mwaka 1193, ukabomolewa Juni 1967. Na karibu na mlango mmoja wa Msikiti huo wako hatta leo watu weusi, wazao wa mahujaji wa Chad, Sudan, Nigeria na Senegal, waliozuru Baitul-Muqaddas wakabaki. Wote hao ni Wafilastini, na mateso ya Wafilastini yamewapata bila ya kupunguziwa kwa ajili ya asili yao.

Ajabu ya hoja ya asili ni kwamba mwenye kuitumia huigeuza apendavyo. Mwaka 1918 David Ben-Gurion na Yitzhak Ben-Zvi, wakiwa New York, walitoa kitabu ambacho ndani yake walishikilia kwamba wakulima wa Filastini ni wazao wa Mayahudi wa kale waliobadili dini. Wakati huo hoja hiyo iliwafaa, kwani walitumaini kuwavuta wale wakulima. Matumaini yalipokatika, hoja nayo iliachwa, na baadaye ikasemwa kinyume chake, ya kuwa wakulima hao ni wahamiaji wa juzi. Mwanamke wa Kimarekani, Joan Peters, aliandika kitabu kizima mwaka 1984 kuthibitisha kwamba wengi wao walikuja kufuata kazi tu. Na katika waliokipinga kwa nguvu alikuwako mwanachuoni wa Israili mwenyewe, Yehoshua Porath. Hivyo watu wale wale, bila ya kubadilika hatta unywele, wamekuwa wana wa Israili mwaka 1918 na wageni mwaka 1984.

Katika mwaka 2020 wataalamu waliochunguza vinasaba katika mifupa ya watu 73 wa kale wa nchi zile walitangaza matokeo yao. Walionyesha ya kuwa wengi wa Waarabu wa sehemu hizo, na makundi mengi ya Mayahudi pia, wana nusu au zaidi ya asili yao kutoka kwa watu waliofanana na wale wa zamani za Kanaani. Hivyo kwa hukumu ya mifupa wagomvi wawili ni binamu, jambo ambalo Waislamu walikwisha ambiwa katika khabari za Ismaili na Is-haka. Lakini nani aliyerudishiwa nyumba yake kwa ajili ya karatasi ile?

Hapa watu wa pwani wana la kujifunza katika khabari yao wenyewe. Kwa muda mrefu wazee wa Kilwa, Lamu, Pate na Unguja walisema kwamba baba zao walitoka Shiraz. Waandishi wa Ulaya wa kwanza waliliamini neno hilo kupita kiasi, wakasema kwamba misikiti ya mawe haikuweza kujengwa na Waafrika. Waliofuata walilikanusha kupita kiasi, wakasema kwamba ni hadithi tupu ya kujitukuza. Mwezi wa Machi 2023 ukatangazwa uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa pwani na karibu nayo baina ya mwaka 1250 na 1800. Yakaonekana mambo mawili kwa pamoja. Upande wa wanaume, wengi walikuwa na asili ya Asia, nayo zaidi ni ya Ajemi pamoja na Hindi kidogo. Na kuchanganyika huko kulianza kadiri ya mwaka 1000, kama wazee walivyosema. Upande wa wanawake, karibu wote walikuwa Waafrika, na sehemu yao katika damu ya watu wale mara nyingi ilizidi nusu. Wazee hawakusema uwongo. Ila shajara zilizotundikwa ukutani huandika baba na baba wa baba, wala hazimwandiki mama. Na mama ndiye aliyekuwa na nchi, na lugha, na ndugu wa kumpokea mgeni.

Basi Mswahili ni mwenyeji au mgeni? Mwenye kulijibu suala hili kwa damu lazima amkate mtu vipande viwili. Na wako waliojaribu kukata. Wakati wa Waingereza, katika Kenya, sheria ya kodi ya mwaka 1910 iligawa watu kuwa wenyeji na wasio wenyeji, na Thenashara Taifa za Mombasa wakajikuta wanahesabiwa pamoja na wenyeji, na Waarabu upande mwingine. Ndugu wawili, na pengine wajomba na wapwa, wakatengwa kwa kodi. Wengi waliliona hilo ni fedheha, wakataka waandikwe kuwa Waarabu. Haistahili kuwacheka, maana faida na madhara yalikuwa ya kweli. Lakini itazamwe ilivyokuwa, kwamba walipokubali kushindania asili mbele ya karani wa serikali, walikuwa wamekwisha kubali ya kuwa haki yao imo katika kalamu ya karani.

Unguja matokeo yalikuwa makali zaidi. Katika miaka ya 1950 vyama viliitana wageni. Huyu akimwambia mtu wa bara arudi bara, na yule akimwambia Mwarabu arudi Manga. Waliokuwa wakisema hivyo karibu wote walizaliwa chini ya minazi ile ile. Kisha Januari 1964 maneno yakawa mapanga. Watu wengi waliuawa, na wengine maelfu wakafukuzwa au wakakimbia kwenda nchi ambazo hawakupata kuziona, ijapokuwa waliambiwa kwamba ndiyo kwao. Dhulma za utumwa na za mashamba makubwa zilizotangulia si jambo la kufichwa, na waliodhulumiwa walikuwa na madai ya haki. Lakini madai ya haki juu ya shamba ni jambo moja, na kumwua mtu kwa ajili ya babu yake ni jambo jingine.

Nchi jirani nazo hazikusalimika. Katika Kongo, sheria ya mwaka 1972 iliwapa uraia wengi wenye asili ya Rwanda waliokuwa Kivu. Sheria ya mwaka 1981 ikawanyang'anya, ikitaka mtu aonyeshe kwamba kabila lake lilikuwamo katika mipaka ya nchi mwaka 1885. Nani awezaye kuonyesha alipokuwa babu wa babu yake mwaka 1885, mwaka ambao mipaka yenyewe ilikuwa wino usiokauka huko Ulaya? Vita vya mwaka 1996 vilikuta kuni hizo zimekwisha kaushwa. Na Tanzania, nchi ambayo imejitahidi kuliko nyingi, mwaka 2013 iliwaondoa maelfu ya watu walioitwa wahamiaji haramu katika Kagera na mikoa ya jirani, na katika hao walikuwamo waliozaliwa na kuzeeka huko. Ni safari ya siku moja tu kutoka Butimba.

Pamoja na hayo, ni katika Tanganyika kulikotolewa mojawapo ya majibu bora ya suala hili. Oktoba 1961, kabla ya uhuru, baraza la kutunga sheria lilijadili uraia, na baadhi ya wajumbe walitaka uwe wa Waafrika weusi peke yao. Julius Nyerere alisimama akakataa, akafananisha fikra hiyo na ya makaburu na ya Hitler, akasema kwamba serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kuikubali. Na mwaka 2014 serikali ya Tanzania iliwapa uraia Warundi kadiri ya 162,000, waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 na watoto wao waliozaliwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Hawakuulizwa kama wazee wao walikuwako Tabora kabla ya Mirambo. Ilitazamwa ya kuwa wamelima, wamezaa, wamezika.

Hapa ndipo pa kuitazama Afrika ya Mashariki na Filastini katika tukio moja lililoziunganisha. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliahidi kuwapa Mayahudi waliokuwa wakiteswa Urusi nchi ya kadiri ya maili za mraba 5,000 katika uwanda wa Uasin Gishu. Herzl aliipeleka khabari hiyo katika mkutano wa Basel mwezi wa Agosti, watu wakabishana hatta wengine wakalia. Wajumbe watatu wakatumwa kuitazama nchi, na mwaka 1905 mkutano mwingine ukakataa. Katika mabishano yote hayo Wanandi na Wamasai hawakuulizwa. Ilisemwa kwamba uwanda ni mtupu. Nao ulikuwa na mashimo ya kale ya maboma ya ng'ombe, ambayo wenyeji huyaita ya Wasirikwa, na ulikuwa malisho ya Wanandi. Mayahudi hawakuja, wakaja Makaburu mwaka 1908, baada ya Wanandi kupigwa vita na kiongozi wao Koitalel arap Samoei kuuawa Oktoba 1905.

Sheria ya Kiislamu imelipambanua jambo la nchi tupu kwa namna iliyo bora kuliko maneno ya Chamberlain. Ardhi iliyokufa, yaani mawati, mwenye kuihuisha huwa yake. Lakini mafakihi hawakusema kwamba kila pasipo nyumba ni mawati. Kijiji kina harimu yake: mahali pa kuchungia, pa kukata kuni, pa kumwaga takataka, njia ya kwenda majini. Harimu haihuishwi na mgeni, ijapokuwa yeye haoni juu yake ila majani. Ufuo wa Butimba ambapo wavuvi huanika dagaa na nyavu ni wa namna hii. Atakayefika wakati wavuvi wako majini ataona mchanga mtupu, naye akiujengea ukuta na kusema kwamba hakumkuta mtu, atakuwa amesema kweli kwa macho na amedhulumu kwa tendo. Nchi ya Filastini iliitwa nchi isiyo na watu na waliokuwa wakiitazama hivi hivi.

Na katika sheria hiyo hiyo, tazama haki inategemea nini. Inategemea kuhuisha, kukaa, kununua, kurithi, kupewa. Hapana mlango unaoitwa kutangulia kwa kabila. Nasaba ina mahali pake patukufu, katika mirathi, katika ndoa, katika kuunga jamaa, na Mwenyezi Mungu amekwisha bainisha katika Suratul-Hujurat ya kuwa mataifa na makabila yamewekwa ili watu wajuane. Madina yenyewe, Ansari wa Aus na Khazraj walitoka Yaman, wakawakuta Mayahudi. Kisha wakaja Muhajirina wa Makka, na Bilali wa Uhabeshi, na Salmani wa Ajemi. Mtume (S.A.W.) alipowaandikia watu wa mji hati ya kuishi pamoja, Mayahudi wakiwamo, hati hiyo ilieleza juu ya damu na fidia na kusaidiana vitani, haikupanga watu kwa kuangalia nani alifika mwanzo.

Hapo msomaji atainua pingamizi, nayo ni nzito. Atasema: Ikiwa kukaa na kuzaliwa ndiko kunakotia haki, basi na Myahudi aliyezaliwa Tel Aviv, na baba yake akazaliwa Tel Aviv, naye ana haki ya kubaki. Jawabu ni ndiyo, anayo. Haifai kulikwepa. Anayemwambia huyo arudi Poland amechukua neno lile lile la Unguja na la Kivu. Mtoto hachagui mahali pa kuzaliwa, na wengi wa wazee wao walikuja wakikimbia mauaji ambayo hayana mfano. Na wengine walitoka Iraki, Yaman na Moroko, ambako nako waliitwa wageni baada ya kukaa miaka elfu na zaidi.

Lakini kuna kitu cha pili ambacho kukaa hakukifuti. Aliyenyang'anya shamba, akalikalia miaka, akapanda miti, bado ni ghasibu, na lililochukuliwa ni deni. Mafakihi hawakusema kwamba deni hilo hulipwa kwa kumwua mtoto wa ghasibu. Walisema lirudishwe, au thamani yake ilipwe. Wala haki ya kukaa haikuwa kamwe haki ya kumtoa mwingine, au ya kumweka chini ya sheria nyingine katika nchi moja. Baina ya mwisho wa 1947 na 1949 Wafilastini zaidi ya 700,000 walifukuzwa au walikimbia, vijiji vyao mamia vikabomolewa, na aliyetaka kurudi alizuiwa. Dhulma hiyo ni kamili bila ya kumtaja Mkanaani yeyote. Hatta kama ingethibitika kesho ya kuwa kila mmoja katika watu hao alikuwa mjukuu wa mtu wa Misri aliyefika mwaka 1835, nyumba ilikuwa nyumba yake, na ufunguo aliutia mwenyewe mfukoni.

Umoja wa Mataifa ulipoweka shirika la kuwasaidia wakimbizi hao, ilibidi iamuliwe nani ahesabiwe kuwa mkimbizi wa Filastini. Ikaandikwa kuwa ni mtu ambaye makao yake ya kawaida yalikuwa Filastini tangu tarehe 1 Juni 1946 hatta tarehe 15 Mei 1948, naye akapoteza nyumba yake na riziki yake kwa sababu ya vita vya mwaka 1948. Miaka miwili isiyotimia. Wako waliolifanyia dhihaka neno hilo, wakasema, Tazameni, watu wa miaka miwili wanadai nchi. Lakini waliokuwa mbele ya makarani wa shirika, katika mahema ya Ghaza na Lubnani na Yordani, walikuwa wakitaja majina ya vijiji, na idadi ya miti ya mizeituni, na kisima kilikuwa upande gani wa njia.